Kituo cha Hospitali Kilichofutwa

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya treni
Jumapili jioni

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Na goti lako je, limeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, ila mimi nimejaa hasira. Nisipokuandikia nitapasuka.

Unaikumbuka programu niliyokuwa nikihangaika nayo, inayochora yenyewe ramani ya treni? Imekubali. Unaipa njia na vituo, inapitisha mistari kwa matao laini, majina hayagongani, na abiria anafuata njia yake kwa kidole bila kukwama. Ilipochora ya kwanza nilitokwa na machozi pale pale mezani.

Basi mkuu wetu akaja kuitazama. Akasema kituo cha hospitali kinaharibu tao la njia ya kijani, mstari unafanya kinundu. Nikamweleza kwamba hapo njia mbili zinakutana, kinundu hakikwepeki. Nilipokwenda likizo, akakifuta kituo chote kwenye ramani. Kaka, mtu mzima na akili zake anafuta hospitali! Treni zinasimama pale kama kawaida, ramani haisemi kitu.

Mama mdogo alikuwa na miadi na daktari wa moyo, hospitali ambayo hajawahi kufika. Masikio yake unayajua, matangazo ya kwenye behewa hayasikii. Akaitegemea ramani, na kwa kuwa hospitali haimo, akapitiliza hadi mwisho wa njia. Aliporudi nyuma na kuuliza uliza, daktari ameshaondoka. Akaingia nyumbani ameloa chapachapa kwa mvua, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nadhani akili zimeanza kuniacha."

Hilo ndilo lililonichoma.

Nilimwendea mkuu. Ati tungoje kwanza wageni wa uzinduzi wa ramani wapite, wameisifu sana. Nikamwambia, "Wageni wako hawapandi treni. Mama yangu anapanda." Nikaiamuru programu isiache kituo chochote, hata tao likipinda. Ikatoa kinundu kidogo tu. Nikaichapisha, na fundi wa mabango, tunayemwita Ngazi, akanisaidia kuibandika kwenye vituo vyote.

Sasa nimesimamishwa kazi. Alhamisi kuna kikao, wanataka niombe radhi. Ramani yangu lakini hawathubutu kuibandua, abiria wamekuja juu kuitetea. Radhi siombi, na wewe usinishauri. Mama mdogo anasema atakuja kukaa mbele kabisa, awaambie mwenyewe kwamba akili zake ni timamu.

Nisalimie wifi na wale pacha. Mungu awatunze, na kila mwendako mfike salama.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda