Meno ya Bomba la Umeme

Dadaab, Ijumaa mchana

Joto la leo limekaa juu ya mabati kama mgeni aliyekuja kushinda. Upepo umepita mara moja tu, ukatuachia vumbi jekundu, ukaenda zake. Kazi imesimama, wengi wamekwenda kuswali, nami nimekaa kwenye kivuli cha tangi la maji na daftari hili. Mgongo unauma. Moyo hauumi, na hilo ni jambo jipya wiki hii.

Niandike yote, hata ya aibu.

Mimi ni mtu wa maji. Niliacha shule darasa la saba, nikajifunza kufunga mabomba ya maji kwetu Bungoma. Hapa nilikuja kubeba mawe na kuchanganya saruji kwenye jengo la zahanati. Mwezi uliopita fundi wetu wa umeme aliugua, akarudi kwao. Mutiso, msimamizi wetu, akauliza nani amewahi kuchonga meno ya skrubu kwenye bomba la chuma. Nikainua mkono. Jioni hiyo hiyo nikamwandikia mke wangu, Nasimiyu, kwamba mumewe sasa ni fundi. Barua ikaondoka na lori asubuhi.

Sikumwambia Mutiso kwamba mabomba niliyoyajua ni ya maji tu, si haya ya kupitishia nyaya za umeme. Niliona chuma ni chuma.

Alinituma Garissa kuchagua vifaa. Nikachukua dai, yaani kile chuma cha kuchongea meno, ya nusu inchi kama niliyoizoea. Nikachukua pia kikata bomba cha gurudumu, kinachong'aa, unakizungusha bomba linakatika bila jasho. Nilikipenda kama mtoto na gari lake.

Mutiso ana desturi yake. Fundi akimaliza kiungo cha bomba, anaandika jina lake kwa chaki ukutani, kando yake, kabla plasta haijafunika. Jumatatu na Jumanne niliandika WAFULA mara kumi na nne. Herufi kubwa.

Jumanne alasiri Yusuf akaja kusimama nyuma yangu. Yusuf ni mkimbizi kutoka Mogadishu, anatuchimbia mitaro. Ana ulimi mkali, na hutazama mikono yake kila mara kama bwana harusi aliyepakwa hina. Akaokota kipande cha bomba nilichokitupa, akacheka peke yake.

"Hii meno ya maji, walaal," akasema, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Wewe nataka umeme ikunywe?"

Nikamwambia arudi mtaroni kwake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Hakurudi. Akaniambia niingize kidole ndani ya bomba, pale lilipokatwa. Kidole kikatoka na damu. Kumbe gurudumu lile hukata kwa kubana na kuacha ukingo mkali kwa ndani, na waya ukivutwa pale unachunwa ngozi. Kisha akajaribu kufunga soketi, ile pete ya kuunganishia mabomba, kwa vidole. Ikaenda mzunguko mmoja, ikagoma, maana meno ya bomba la maji hunenepa kadiri yanavyoingia, ya umeme huwa sawa mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimezilazimisha zote kwa spana. Akashika bomba langu la ukutani, akalitikisa. Likacheza.

Alikuwa fundi umeme bandarini kwao miaka kumi na mmoja. Akanieleza kwamba kwenye jengo hili bomba lenyewe ndilo linalopeleka umeme uliovuja ardhini. Kiungo kikilegea, siku waya utakapogusa chuma, umeme utapita kwa mtu aliyeshika kisanduku cha swichi. Nikamuuliza mbona hakusema mapema kwamba ni fundi. Akasema mkimbizi haulizwi, anapewa sururu.

Plasta ilikuwa ipigwe Alhamisi. Ingefunika kila kitu.

Niliwaza kunyamaza, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nasimiyu lazima ameshawaambia majirani. Kurudi kwenye mawe ni jambo moja, kurudi kwenye mawe baada ya barua ile ni jambo jingine. Lakini kila nilipotazama kile kisanduku cha swichi, nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni akinyoosha mkono awashe taa.

Jumatano asubuhi nikamweleza Mutiso. Hakufoka. Heri angefoka. Alitembea kando ya ukuta akisoma jina langu, kiungo kwa kiungo, mpaka mwisho, halafu akasema, "Futa."

Nikafuta kwa kiganja. Akauliza nani aliyeligundua kosa. Ningeweza kusema ni mimi. Nikamwita Yusuf.

Plasta ikasogezwa hadi Jumamosi. Yusuf haruhusiwi kwenda Garissa bila karatasi ya kambi, kwa hiyo alinifundisha nikaenda peke yangu jana, na kipande cha bomba la umeme na soketi yake ndani ya mfuko. Safari hii sikuchagua kwa macho. Nilibana fremu ya msumeno kwa nguvu nione kama inapinda. Bledi nikachukua zenye meno madogo kabisa, maana bomba hili ni jembamba na meno makubwa hunasa. Nikachukua tupa ya mviringo ya kulainisha ndani, na jiliwa ya mnyororo inayokumbatia bomba bila kuliponda. Dai nilizijaribu tatu pale pale barazani. Mama mwenye duka alichoka nami. "Unanunua ama unaoa?" akauliza. Dai ya tatu ilichonga meno ambayo soketi iliyafuata kwa vidole vitupu mpaka mwisho. Nikaichukua hiyo, na vikata vya gurudumu nikaviacha ving'ae dukani.

Nikasahau mafuta ya kuchongea.

Yusuf alinicheka sana leo asubuhi, kisha akatoa kopo kutoka kwa mkewe: mafuta ya nundu ya ngamia. Tukapaka. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, vumbi la chuma lidondoke. Meno yakatoka laini. Tangu niingie eneo hili sijawahi kusikia chuma kikikatwa bila kulia.

Viungo sita vimekwisha. Mutiso alivitikisa kwa mikono miwili, akavipima kwa mita ya umeme, akanipa chaki. Niliandika jina langu, herufi ndogo, nikampa Yusuf chaki. Yusuf akamtazama Mutiso. Mutiso aliangalia pembeni kidogo.

"Andika," akasema. "Ukuta hauulizi karatasi."

Kisha akamwambia aache sururu mpaka jengo liishe. Baada ya hapo, sijui. Mutiso mwenyewe hajui.

Nitamwandikia Nasimiyu barua nyingine. Nitamwambia ile ya kwanza iliwahi mno, kwamba ufundi ndio kwanza nauanza, na anayenifundisha nilimfukuza siku ya kwanza. Sijui atacheka au atanuna. Nadhani atacheka.

Swala imekwisha, watu wanatoka. Namwona Yusuf anakuja, anaitazama mikono yake. Vimebaki viungo vinane, na chaki iko mfukoni mwangu.