Uzi wa Kijani kwa Fundi Wetu

Mwaka umetimia, Fundi, mke wangu, tangu ulipoiacha cherehani na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Kilikuwa sare ya shule ya mteja, na aliimalizia binti yetu, kitinda mimba, akiwa amekaa kwenye kiti chako. Mwenye sare alipokuja kuichukua hakuona tofauti.

Wengi walidhani ni tumbo lililokuchukua. Sivyo. Ni moyo, asubuhi moja, ghafla. Tumbo ulikuwa umeishi nalo miaka ishirini na miwili, ukashona, ukalea, ukanenepa hata nikakutania kwamba ugonjwa huo nami naomba kidogo.

Tunakumbuka siku daktari alipokuambia utumbo wako una uvimbe na vidonda, na kwamba ni ugonjwa wa kuishi nao. Hukulia. Ulipita dukani ukanunua daftari. Kila chakula ulikiandika kwa jina, na pembeni ukapitisha uzi kwa sindano: wa kijani kama tumbo lilitulia, mwekundu kama lilichafuka. Ulikula kidogo kidogo, mara tano kwa siku, ukitafuna polepole mpaka sisi tumeshaosha vyombo. Kila nyumba uliyoalikwa uliuliza choo kiko wapi kabla hujaketi, bila haya, kama mtu anayeuliza saa. Vidonge uliviacha mara moja tu, ulipojiona mzima, ukalazwa siku tisa. Tangu hapo hukuviacha tena.

Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda, na hapa lazima nikiri mbele ya wote wanaosoma. Niliona daftari lako linanitukana. Wafanyakazi mia tatu walilamba sahani zangu, na mke wangu mwenyewe alichemsha viazi na samaki wake kwenye sufuria ndogo pembeni. Uliwahi kuniomba, kwa upole, nipike siku moja sufuria moja isiyo na pilipili, ili sote tule pamoja. Nikakujibu kwamba chakula bila pilipili ni cha wagonjwa. Ulicheka, ukaniita Bwana Pilipili, ukachukua sufuria yako. Sikukuomba msamaha. Naomba leo.

Miezi minne baada ya kukuzika, kitinda mimba wetu alianza kwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku, na akawa anaona damu. Vipimo vikaonyesha ni ugonjwa ule ule. Niliogopa, Fundi, kuliko siku ya mazishi yako. Nikalichukua daftari nililolinunia miaka yote, nikalifanya sheria. Chenye uzi wa kijani nilikipika, chenye mwekundu hakikuingia jikoni. Maziwa yalikuwa na uzi wa kijani, basi kila asubuhi nilimpa kikombe kikubwa na kusimama pale mpaka amalize. Alikunywa yote, kwa kuwa ndivyo alivyoandika mama yake. Vidonge alimeza, lakini tumbo lilijaa gesi na kumsokota, akazidi kukonda, sketi zikawa zinamteleza kiunoni.

Mwanetu wa kwanza, mwalimu, ndiye aliyetuburuta kurudi kwa daktari, daftari likiwa kwapani mwangu. Daktari, mama wa makamo, alilipekua taratibu, akauliza ni la nani. Nikamwambia ni la marehemu mke wangu.

"Basi mzee, mwache mama apumzike na tumbo lake," akasema. "Hili ni la binti, na bado hatujaliuliza."

Tulirudi nyumbani. Binti yetu akakaa karibu na dirisha, akalishika daftari lako kama anavyoshika nguo iliyoletwa kurekebishwa. Halafu akaniita.

"Baba, njoo uone. Hapa kwenye maziwa pamefumuliwa. Mwanzo palikuwa na uzi mwekundu."

Nikavaa miwani. Kando ya uzi wa kijani kulikuwa na matundu ya sindano, na kipande kidogo chekundu kilichosahaulika. Tukageuza kurasa. Karoti ulizifumua, mayai mara mbili, mkate mara tatu. Kumbe miaka yote ulikuwa ukijaribu, ukikosea, ukifumua na kushona upya, nami nililala pembeni yako bila kujua.

Sasa binti yetu ana daftari lake. Maziwa ameyapa mwekundu. Wali laini umepata kijani. Dawa hakosi, kwa daktari anakwenda kila anapoitwa, na sketi zimeanza kukaa kiunoni.

Jumapili iliyopita nilipika samaki wa mchuzi mwepesi, sufuria moja kwa nyumba nzima. Pilipili yangu ilikaa peke yake kwenye kisahani. Wajukuu walimaliza, mwalimu akaongeza mara mbili. Kesho yake binti yetu alichukua daftari lake na sindano, akaandika "samaki wa Baba", akapitisha uzi wa kijani. Nilitoka nje nikalia.

Ni chakula ulichoniomba, Fundi. Nimechelewa kukipika.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, Bwana Pilipili. Mwanao mwalimu na mkewe. Kitinda mimba wako, aliye kwenye cherehani yako. Dada zako wawili. Wajukuu zako, na wote waliovaa mishono yako.

Hutatutoka moyoni kamwe. Kila tukiketi kula tunakutaja, na sufuria mezani ni moja.