Wanamtukana Idi Huku Wanakula Chapati Zangu

Mdogo wangu Zuhura,

Hamjambo nyote? Baridi ya Joburg inauma hadi meno, lakini mimi nachemka. Timu anayodakia Idi wetu imefungwa tena. Mechi zimebaki chache, na ikishuka daraja atakosa kazi.

Uwanjani nilimgawia chapati Mkongo aliyekaa ubavuni kwangu. Anatafuna huku anapiga kelele, "Kipa wa bure huyu! Bamutoe!" Nikamnyang'anya iliyobaki.

"Mama, nimekosa nini?"

"Unakula chapati zangu, halafu unamtukana mwanangu!"

Nyumbani Idi ananiambia, "Mama, usije tena, unanitia aibu." Hee! Mashabiki wote wameikimbia timu yao, na yeye anamfukuza aliyebaki? Jumamosi nipo, tena mbele kabisa.

Mungu awafunike, wabusu watoto.

Dadako, Mama Idi