Krishna Bado Yuko Kwenye Kitenge Chako

Mpendwa tantine,

Krishna bado yuko kwenye kitenge chako cha bluu, juu ya kabati, pale pale ulipomwacha. Najua ungeuliza hilo kwanza, kabla ya habari za watoto.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ile familia ya Kihindi uliyoiuzia vitambaa dukani mwao miaka yote ilikuwa inafunga duka na kurudi kwao, wakakukabidhi sanamu hii ya shaba, tuje kuikalisha kitini kwa ibada tukishakuwa wengi. Ulipanda naye mtaani kwetu Kadutu kwa miguu, umembeba mgongoni, na majirani wakakupongeza kwa kupata mjukuu. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sisi waumini wa Krishna tulikuwa sita. Kila Jumapili mchana tuliimba sebuleni kwako, wewe ukianzisha jina la Bwana, sisi tukiitikia kwa sauti zile zile za kwaya ya parokia ulikotoka. Kisha tulikula sombe, yale majani ya muhogo, iliyotolewa kwanza kwa Mungu, bila kitunguu wala samaki. Papa Murhula, mmoja wa wale sita, hakuacha kulalamika: "Sombe bila sambaza, hiyo ni chakula ao ni kitubio?" Lakini kila Jumapili alirudi, na sahani aliimaliza.

Wewe ulitaka tumkalishe Krishna kwenye kiti chake mara moja. Mimi nilikataa. Akishakalishwa lazima aogeshwe, avalishwe na kulishwa kila siku alfajiri, hakuna likizo, na watu sita wenye kazi na wagonjwa nyumbani hawatoshi. Nilitaka tufike kumi. Haraka haraka haina baraka, nilikuambia, mwalimu wa shule kama nilivyo.

"Mutoto, mugeni iko ku mulango," ulinijibu. "Unamuambia angoje mupaka tununue viti?"

"Tantine, tukimukalisha kisha tumuache na njaa, itakuwa mubaya zaidi."

"Miye niko naisha. Ninataka nimuogeshe hata mara moja."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Mvua za Septemba hazikukukuta hai.

Nikaendelea kungoja wale kumi. Vita ilipoingia mjini, Papa Murhula alivuka mpaka na wanawe. Wawili wamerudi kanisani, siwalaumu. Mmoja yuko kijijini Mumosho, husema atakuja. Nimebaki mimi.

Hata leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi. Tungemkalisha, sasa ningekuwa naye peke yangu, na darasa langu la watoto waliobanana, na bomba linalotoa maji linapotaka. Ningeshindwa, najijua. Lakini wewe ungekuwa umemuogesha. Asubuhi moja tu ulikuwa unaomba, nami nikakunyima kwa hesabu ya watu ambao hawakuja. Hilo linaniuma, tantine, na sioni dawa yake.

Jumapili iliyopita nilijaribu kuimba. Nilianzisha, nikangoja, kisha nikajiitikia mwenyewe. Mara ya tatu nikaacha. Nilimshusha Krishna, nikafungua kitenge. Shaba imeanza kuwa nyeusi. Nikachota maji kwenye kikombe, nikamwinamia.

Sikuweza. Maji yake ya kwanza yalikuwa yako. Niliyamwaga uani, nikamfunga tena, nikamrudisha juu ya kabati.

Pumzika, tantine. Sidhani atakaa kwenye kiti chake humu ndani, na sitaki kukudanganya ukiwa huko.

Mtoto wa kaka yako,
aliyekuambia ungoje