Upepo wa Kifua na Upepo wa Miguu

Bugembe, Jinja

Kwa Baba yangu, Mzee Athumani, Changamwe.

Shikamoo Baba, na salaam nyingi kwa wote walio chini ya paa lako. Mimi ni mzima, nalala vizuri, na nimenenepa kwa ajili ya ndizi za huku, kwa hiyo mwambie Mama aache kuulizia habari za tumbo langu kwa kila dereva wa lori anayetoka Uganda. Goti lako linaendeleaje? Na sukari ya Mama imetulia? Yule paka wake mwizi bado anakula samaki kuliko wenye nyumba?

Usinilaumu kwamba nimeacha kupiga simu. Nikipiga, wewe unasema "Eeh?", mimi napayuka mpaka majirani wa hapa Bugembe wanadhani nagombana na mke nisiye naye, halafu unamtupia Dada Rukia simu kwa hasira. Afadhali barua. Masikio yamegoma lakini macho yako hayajambo, hata kama miwani yenyewe umeikalia mpaka imepinda.

Barua yako niliipata, Baba, na ilinikasirisha. Umesema umefunga gereji. Umesema spana umezigawa, na kwamba fundi asiyesikia injini ni mzee tu aliyekaa katikati ya vyuma. Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na kazi mkononi, na kazi yenyewe ndiyo jibu langu. Tulia, uisome yote, usiruke mistari kama unavyoruka ya barua za Mjomba.

Kazi yangu iko Nalufenya, naenda asubuhi na kurudi jioni. Kiswahili changu bado kinanipa jina. Nilipofika mara ya kwanza niliingia sokoni nikauliza bei ya nyanya kwa Kiswahili kizuri cha kwetu, mama wa nyanya akasimama wima akaniitikia "Ndiyo, Afande." Huku wazee wengi Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari. Siku hizi wananizoea, lakini gerejini bado mimi ni Afande, na sikatai, maana nani asiyependa kupigiwa saluti akiwa amejaa grisi?

Sasa sikiliza habari ya Hajati Zamu. Huyu ni mama mtu mzima, ana duka la vitenge pale mjini Jinja, katika yale majengo ya zamani ya Wahindi. Ukimkuta dukani anakunja vitambaa taratibu huwezi kuamini, lakini mama huyu ana gari la mashindano. La turbo. Dogo, la chini, la Kijapani, na linapokohoa nyuma mbuzi wanakata kamba. Mumewe, Hajji, anauza saruji, na gari hilo halipendi hata kidogo. Hajawahi kukaa ndani yake.

Kabla yangu gari lilikuwa kwa fundi mwingine, ambaye dawa yake ya kila kitu ilikuwa kuongeza upepo. Unajua wewe mwenyewe turbo inavyofanya, inasukuma hewa ndani ya injini, na ukiisukuma kupita kiasi injini inapata nguvu ya ajabu kwa muda mfupi kisha inakufa. Ikafa. Pistoni mbili zilitoboka. Hapo Hajji akatoa neno lake: itengenezwe kwa mara ya mwisho, na ikifa tena gari linauzwa na Hajati anabaki na vitenge vyake. Hajati akaniletea. Akaniambia, "Afande, ukiua hii injini, umeniua mimi pia." Nikakubali, Baba. Nilikubali haraka mno, kama kawaida yangu, kisha nikakosa usingizi.

Nilifanya kazi ambayo ungeitazama kwa mikono nyuma, bila kusema kitu, na mimi ningejua umefurahi. Niliweka pistoni ngumu zaidi. Nikaweka kipoza hewa kikubwa pale mbele, kwa sababu hewa ikitoka kwenye turbo ina moto na hewa ya moto haina faida. Nikabadilisha ekzosi nzima iwe pana, pampu ya mafuta yenye nguvu, klachi nzito, breki za maana. Kisha nikakaa na kompyuta nikaipangia injini mafuta yake na cheche zake, hatua kwa hatua. Karibu na gia nikafunga swichi ya mviringo ya kupandisha na kushusha upepo, nikamwambia Hajati kwamba hiyo ni ya fundi peke yake na akiigusa tutakosana.

Kompyuta naipenda, sisemi uongo. Lakini nilipomaliza nayo nikachukua paipu ya shaba, nikaibana kwenye bloku ya injini kwa bolti, nikaivalisha mpira mrefu, na ncha ya mpira nikatia sikioni. Unakumbuka? Wewe ulianza kunifundisha kwa bisibisi, ncha kwenye injini na mpini sikioni, ukaniambia nisikilize mafuta yanayolipuka kabla ya wakati wake. "Utasikia bisi zinakaangwa," ulisema. Mimi nikacheka kwamba tunasikiliza bisi kwa bisibisi, ukanipiga kofi la kisogoni. Huku sasa ndiyo sheria ya gereji: ukisikia bisi, shusha upepo, usibishane.

Nikamfundisha na Hajati. Nilimpeleka kwenye mwinuko, nikamwambia aende kwa gia kubwa na mwendo mdogo, nikaongeza upepo kwa makusudi kidogo tu, mpira ukiwa sikioni kwake. Mwanzo alisema hasikii kitu. Kisha akashika mkono wangu ghafla, macho yamemtoka. "Owange! Ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo. Akataka mpira ubaki palepale. Basi nikaupitisha kutoka kwenye injini mpaka ndani, ukaingia chini ya ushungi wake na chini ya helmeti. Vijana wa magari mengine walimcheka, wakasema Hajati anaendesha huku ametundikiwa dripu. Hajati akawajibu kwamba wao ndio watakaohitaji dripu.

Mashindano yalikuwa Mbale, barabara ya murramu, udongo na kokoto tupu, inayopanda kuelekea juu mlima Wanale. Gari moja linaondoka, halafu jingine, mwenye mwendo mzuri zaidi ndiye mshindi. Tulikwenda mimi, Hajati, Hajji aliyenuna njia nzima, na mwenzangu Mafabi. Mafabi ni mtu wa hukohuko Mbale, na kabla ya kuja kwetu Nalufenya alikuwa fundi wa matairi hapa Bugembe, kando ya barabara kuu, na kibao chake kilichoandikwa UPEPO HAPA. Ni mtu hodari. Kumbuka hicho kibao.

Mvua ilinyesha asubuhi, murramu ikawa tope. Kisha dumu letu la petroli nzuri likavuja ndani ya pikapu, tukalazimika kutia mafuta ya kununua hukohuko, nayo hayakuwa mazuri kama yale niliyoyapangia injini. Kwenye jaribio la asubuhi nilikaa mimi na mpira sikioni. Bisi. Si nyingi, lakini bisi. Tukarudi chini, nikakuta na kishikio cha ekzosi kimelegea, nikaingia chini ya gari kukikaza. Jina la Hajati likaanza kuitwa kwenye kipaza sauti. Nikapiga kelele nikiwa mgongo chini, tope mpaka masikioni: "Mafabi! Punguza upepo kidogo!"

"Ndiyo, Afande!"

Nikasikia anahangaika huku na huku. Nikaona anafanya haraka kama nilivyotaka. "Tayari!" akasema. Nikatoka, Hajati akaondoka, tope likaturukia, na gari likapanda likilia mluzi mzuri ajabu. Ndipo nilipomwona Mafabi ananing'iniza shingoni kipimo chake cha matairi.

"Umepunguza wapi?" nikamwuliza.

"Miguu yote ine, Afande. Kidogo kidogo, sawasawa."

"Miguu gani?"

"Ya gari! Wewe nasema punguza upepo. Mimi nafanya kazi ya upepo miaka mingi, Afande, mimi najua upepo."

Baba, nilitaka kumkaba. Halafu nikataka kujikaba mwenyewe, maana nani aliyenifundisha kuita msukumo wa turbo "upepo"? Wewe, kwenye malori. Kwetu gerejini upepo ni huo. Kwa mtu wa matairi upepo ni mwingine kabisa, na mimi nilimpigia kelele fundi wa matairi. Injini ilikuwa inapanda mlima na upepo wote, na mafuta mabaya, na bisi zake. Hajji alikuwa kando yangu na tasbihi, hajui lolote, anahesabu tu.

Tukasikiliza. Gari lilikuwa limepotelea nyuma ya migomba, linasikika likipanda, gia ya pili, ya tatu. Halafu sauti ikashuka. Ule mluzi ukapungua ghafla. Nilifumba macho nikasema imekufa, na jina langu limekufa nayo, na Hajati atarudi kukunja vitenge kwa sababu yangu. Hajji akaacha kuhesabu. Akauliza, "Imekufa?"

Haikufa. Ilikuwa inaendelea, kwa sauti ya chini kidogo, sauti safi, ikipanda kona baada ya kona mpaka kipaza sauti kikatangaza kwamba Hajati amefika juu. Wa pili, Baba! Wa pili kati ya wote, nyuma ya gari moja tu kutoka Kampala. Mafabi alinirukia mgongoni, na mimi nikasahau kwamba nilitaka kumkaba.

Hajati aliposhuka kutoka mlimani alivua helmeti akiwa bado kitini, mpira ukabaki unaning'inia sikioni. Nikamwuliza kumetokea nini katikati ya mlima.

"Nilisikia bisi," akasema. "Nyingi! Nikasema banange, jamani, hii injini inakufa na Hajji ako pale chini anangoja. Basi mimi nikageuza ile kitu yako ya kukataza. Kidogo. Bisi ikanyamaza. Utanipiga?"

Sikumpiga, nililia. Sioni haya kukuambia. Akaongeza kwamba gari lilishika tope vizuri ajabu kwenye kona, matairi yalikuwa laini, eti nani aliyefikiria jambo zuri hivyo? Mafabi akanyoosha mkono juu kama mtoto wa shule. Mpaka leo anawaambia wateja kwamba Mbale tulishinda kwa upepo wake. Tumeweka sheria mpya gerejini ili tusije tukauana: upepo wa turbo unaitwa upepo wa kifua, wa matairi unaitwa upepo wa miguu, na mtu akisema upepo mtupu ananunua chai.

Jioni tulipofunga vyombo kurudi Jinja, nilifikiri Hajji atapanda pikapu kama alivyokuja. Akazunguka gari la Hajati, akafungua mlango wa pili, akaingia. Magoti yalimfika kidevuni. Akafunga mkanda, akamwambia mkewe, "Twende, lakini polepole." Injini ikawaka mara moja, wakatutangulia njia nzima. Gari haliuzwi, Baba. Na Hajji amewaambia wenzake msikitini kwamba gari la mkewe linashughulikiwa na Afande wa Nalufenya, na wateja wawili wameshanijia kwa neno lake.

Kesho yake Hajati alikuja gerejini na chapati, akakaa kwenye tairi. Akaniuliza habari hii ya mpira na bisi niliitoa wapi. Nikamwambia ni kazi ya baba yangu, fundi wa malori Mombasa, na wala sikubuni mimi. Akasema, "Basi mwambie ahsante yangu, mpigie simu." Nikamwambia huwezi kumpigia, masikio yake yamekwisha kwa makelele ya dizeli na nyundo, hata gereji amefunga kwa kuwa hasikii tena injini.

Hajati akaweka chapati yake chini. Kisha akasema, "Hapana. Wewe mwandikie. Mwambie jana alisikia, na vizuri sana."

Basi nimekuandikia.

Msalimie Mama, na umwambie kitenge alichotaka kimeshachaguliwa na Hajati mwenyewe. Msalimie Dada Rukia, mwalimu wetu mkali, na shemeji anayemvumilia. Msalimie Mjomba wa bandarini, na Bibi mzaa Mama, mwambie bado sijaoa ila sijakataa. Na wale uliowagawia spana wasalimie pia, kisha uwaambie wazirudishe. Bisibisi ile ndefu usimpe mtu yeyote. Nakuja Idi, na gereji nataka niikute wazi. Utaweka kiganja chako juu ya injini, mimi nitaweka sikio, na kati yetu hakuna bisi itakayotupita.

Ni mimi mwanao, sikio lako la Jinja,

Twalib