Sauti ya Yusufu kwa Kidole Kimoja

Jumatatu, 1 Machi 2004
Umeme umerudi alasiri. Nimemwekea mama nyimbo za harusi nilizozitoa kwenye kaseti nikaziingiza kwenye kompyuta: mdogo wangu Yusufu na dufu lake. Kama kila siku, mimi nabonyeza, yeye anasikiliza. Yusufu yuko Kigoma tangu risasi zilipoanza tena hapa Burundi, upande wa Cibitoke. Mama haoni ila mwanga, sukari imemla macho. Na mimi Jumatatu ijayo naanza kazi Gitega. Nilisema jirani atamwashia. Mama akawaka: "Mi siombi mutu sauti ya mutoto wangu." Ana haki. Lazima aweze mwenyewe.

Jumatano, 3 Machi
Nimejaribu programu mbili za muziki kwenye hii kompyuta yangu ya Linux. Ya kwanza imejipamba kama bi harusi, vitufe vidogo kama chawa. Vyote vya kubofya kwa kipanya. Mama atabofya nini? Ya pili inauliza maswali kabla ya kuimba. Kizuri chajiuza, hizi zinajitembeza. Nimezitukana kwa Kifaransa.

Alhamisi, 4 Machi
Nimepata! Haina dirisha wala mapambo. Unaiandikia amri mara moja tu. Kisha ule ufunguo mrefu wa chini kwenye kibodi: bonyeza, inaimba, bonyeza, inanyamaza. Nimeubandika kifungo cha shati ili kidole kiupate.
Nikajitia fundi zaidi. Umeme ukirudi, mashine ijiwashe na nyimbo zianze zenyewe, sauti juu. Nilijisifu sana.

Jumamosi, 6 Machi
Aibu. Aibu tupu.
Leo khitma ya mume wa Bi Asha, jirani wa ukuta mmoja. Umeme ulikatika asubuhi, nikasahau mashine. Watu wako katika dua, umeme ukarudi. Dufu! Vigelegele! Nimekimbilia kwetu bila viatu kuizima. Mama alikuwa kati ya wanawake, kajifunika uso kwa kanga. Nyumbani kasema neno moja: "Toa."
Nimechomoa waya. Najichukia.

Jumapili, 7 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Bi Asha yuko eda, nikasimama nje ya mlango. Akajibu kutoka ndani: "Yusufu alipiga dufu kwa ndoa yangu. Marehemu alicheza mpaka kofia ikaanguka. Jana nimemuona tena. Apana toa ile mashini."
Nikamfikishia mama. Akauliza kifungo kiko wapi.
Nimebadilisha: umeme ukirudi mashine ijiwashe, lakini ingoje kidole. Mama akapapasa, akabonyeza. Yusufu akaimba. Akabonyeza, Yusufu akanyamaza. "We Yusufu, leo unanisikia!" Alicheka mpaka machozi. Mimi nilikwenda uani, sikutaka anisikie nikilia.

Jumatatu, 8 Machi
Begi liko mlangoni. Milimani hakuna risasi tangu jana. Mama ameniombea dua, kisha akanifukuza, gari lisiniache.
Niko uani nafunga viatu, nikamsikia anagonga ukuta.
"Asha! Nikuwekee?"
Dufu likaanza. Nimebeba begi, nimeondoka.