Niliweka rangi za Kispanyola katika wimbo wa Esta

Siku ya posho, yaani Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na barabara yetu ya Lumumba ni matope matupu. Afadhali. Sina hamu ya kuonana na mtu.

Leo nimemuumiza mtoto, tena nikiwa namfundisha.

Kila posho ninafundisha watoto Kispanyola katika salle, ukumbi wa parokia. Nilijifunza lugha hiyo kwa sista mmoja aliyerudi kwao Peru akaniachia vitabu vyake vya hadithi. Mbele ya watu wazima sauti hunikauka, lakini watoto hawaniogopeshi. Ninawasimulia hadithi, tunatia maneno mapya katika nyimbo za huku kwetu, tunacheza. Wananiita Madame Rojo kwa sababu ya sweta yangu nyekundu.

Posho iliyopita Esta, msichana wa miaka minane, alikuwa akiimba peke yake karibu na dirisha. Familia yake ilikimbia vita huko Djugu, sasa wanakaa mtaa wa Bigo kwa shangazi. Wimbo ulikwenda polepole, na miguu yake ilikanyaga kwa uzito. Nikamwuliza ameutoa wapi.

"Kwetu," akasema.

Sikuuliza zaidi. Niliuchukua. Nikaharakisha ngoma, nikatoa maneno yake ya lugha yao nisiyoielewa, nikaweka rangi: rojo, azul, verde. Nikamsimamisha Esta mbele na kumwita mwalimu mudogo.

Leo mama yake alikuja kumchukua mapema. Watoto walikuwa wanaruka, wanacheka, wanapiga makofi. Mmoja akapaza sauti: "Mama Esta, ingia, weye pia ucheze!"

Hakuingia. Alingoja ngoma inyamaze.

"Madame, huu wimbo njo ule tuliimbia baba yake siku ya kumuzika."

Alisema taratibu. Heri angenigombeza.

"Esta, mbona haukusema?" nikauliza. Hata hapo nilimtwisha mtoto kosa langu.

"Ulifurahi sana, Madame."

Wakaenda.

Ukweli ni kwamba niliona. Siku ile karibu na dirisha macho yake yalikuwa mbali, na nilijua kuna kitu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ngoma nzuri kwa sikukuu ya parokia. Na pia kwa sababu, kama ningeuliza, ningelazimika kukaa na kusikiliza jibu.

Hapa kwetu, nani hajazika mtu?

Kesho baada ya misa nitaenda Bigo. Nimejaribu kutunga sentensi ya kuomba radhi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, hata kwa Kispanyola. Zote zinanitetea. Sijui kama Esta atakubali kuniangalia.

Mvua imekatika. Nje watoto wa jirani wanacheza katika matope. Rojo, azul, verde. Wanafunzi wangu wameufikisha wimbo mpaka mtaani kwetu.

Nimefika mlangoni mara moja, aibu ikanirudisha kwenye kiti.

Wanaanza tena, kwa kelele zaidi. Ninaacha kuandika. Ninatoka kuwaambia wimbo huu ni wa nani.